Gunia la Jumatatu

Jumamosi iliyopita tulimzika mwanamke aliyenilisha miaka yote niliyosoma. Alikuwa akinunua dagaa Nkome, kule ziwani, na kuwauzia wachimbaji hapa Bugarama, na sisi wanafunzi tulimwita Mama Dagaa. Jina lake halisi sitaliandika. Utaona sababu, mwanangu.

Nilisoma shule ndogo ya Marafiki, wale Wakristo ambao ibada yao ni kukaa kimya. Hakuna mhubiri. Mtu akisukumwa moyoni na neno, anasimama, analisema, anakaa. Wengi wetu tulitoka nyumba zenye njaa, na mwenye njaa alikimbilia maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, akaponde mawe apate kula. Kilichotubakiza darasani ni ugali na dagaa. Kila Jumatatu asubuhi gunia la dagaa lilikutwa mlangoni mwa jiko, na mpishi hakuuliza limetoka wapi.

Mimi nilijua. Nilimwona asubuhi moja nikienda kuteka maji, akilishusha kwenye baiskeli ya marehemu mumewe. Aliweka kidole mdomoni, akacheka, akaenda zake.

Basi nakumbuka ile siku ya ibada, wazazi wamejaa, nikasimama. Sikusukumwa na chochote, leo naweza kusema. Neno langu nilikuwa nimelifanyia mazoezi wiki nzima. Nikamtaja kwa jina lake na la baba yake, nikamsifu kama manju wa ngoma, gunia kwa gunia. Wanawake wakapiga vigelegele katikati ya kimya kile. Nikakaa, kichwa kimevimba.

Kesho yake shemeji yake alimfuata sokoni, kwenye meza yake ya dagaa.

"Kumbe shemeji una shule!" alisema, watu wote wakisikia. "Na watoto wa kaka yangu wanakula nini?"

Akaondoka na baiskeli ya kaka yake.

Jumatatu tatu mlango wa jiko ulikuwa mtupu. Wenzangu sita walienda maduarani. Wanne walirudi baadaye. Wawili hawakurudi darasani mpaka leo. Ninawajua, tunasalimiana.

Nikaenda sokoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo huna hotuba?"

Nikalia. Nikasema nilitaka kushukuru tu.

"Ungekuja hapa ukaniambia *wabeja*, ingenitosha," alisema. Ndiyo asante yetu ya Kisukuma. "Pale ulitaka watu wakuone wewe, unavyojua kushukuru. Haya, futa kamasi. Shika upande huo."

Tukalibeba gunia wawili mpaka shuleni. Baada ya hapo alileta nusu gunia kila Jumatatu, kichwani, kwa miguu.

Mwanangu, ukitendewa wema, shukuru, lakini usimshukuru mtu kwa namna itakayomgharimu. Akikuwekea kidole mdomoni, nyamaza, hata kama maneno yako ni mazuri. Mwambie asante yeye mwenyewe, macho kwa macho, mapema, angali hai. Na kama unasoma kwa chakula cha mtu, basi soma. Mungu akupe watu wa kukushika mkono, na akupe ulimi usiowaumiza.

Kaburini Marafiki walikaa kimya kama kawaida yao. Mwalimu mkuu aliniangalia mara mbili, maana anajua nilivyompenda yule mama. Maneno nilikuwa nayo mengi. Sikusimama. Nilisema wabeja kwa sauti ambayo hata jirani yangu hakuisikia.

Tangu alipougua, gunia lilikuwa halijaonekana tena. Jumatatu hii, nilipofungua lango la shule, kazi yangu ya uzeeni, nililikuta mlangoni mwa jiko, limefungwa kwa kamba mpya.

"Babu, hili la nani?" mpishi aliniuliza.

Nikamwambia abandike sufuria.