Kipi Kibaki Kwenye Kompyuta Kuukuu

Mwanangu, umeniambia kompyuta yako ya gemu imechoka, unataka kuijenga upya, na hujui kipi kibaki na kipi kitoke. Basi kaa. Kuna siku moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko nyingi, siku mbili kabla ya Idi, pale Newala, nilipounguza kompyuta kwa kiburi changu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa korosho walipokuwa wakipishana na malori yao kutoka Tandahimba mpaka kwetu, na kompyuta za mitumba nazo zikaanza kupanda mlima kuja kwetu. Mimi na dada yangu Somoe tulikuwa na banda la gemu jirani na soko. Kompyuta moja tu, lakini vijana walitoka hadi Mkunya kwa baiskeli kuja kucheza mpira. Tatizo ilikuwa imezeeka. Ukipiga shuti, mpira unafikiri kwanza, ndipo uende.

Somoe akauza korosho za shamba lake, akanikabidhi fedha zote. "Nenda Masasi, mdogo wangu. Nunua kinachohitajika, basi."

Nikanunua ubao mkuu, ule ambao vifaa vyote huchomekwa, na kadi ya picha. Fedha iliyobaki nikanunulia kasha lenye taa za buluu. Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Pawa saplai, lile sanduku dogo la ndani linalogawa umeme, nikaiacha ileile ya zamani. Nani angeiona?

Nilipokuwa nafunga skrubu kibarazani, akasogea jirani yetu Mzee Chilumba, fundi redio, na mita yake ya kupimia umeme.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hii nayo unairudisha?" Akagusa pawa saplai. "Niachie niipime. Harufu yake siipendi."

Nikacheka, Mungu anisamehe. "Mzee, hii kompyuta, si redio."

"Umeme hauulizi unaingia wapi," akasema. Akaomba ubao wa zamani niliokuwa nimeutupa kwenye ndoo, nikampa kama ninayempa mtoto kopo la kuchezea.

Nikawasha. Taa za buluu zikawaka, vijana wakapiga makofi. Mechi haikufika mapumziko. Pakalia kitu kama bisi kwenye sufuria, moshi ukatoka ubavuni. Ubao mpya ukafa palepale, na kadi ikaufuata.

Kumwambia Somoe kulinishinda hadi alasiri. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja: "Mzee Chilumba alikuonya?"

"Alinionya."

"Basi nenda kwake mwenyewe. Mimi sikupeleki."

Nilikwenda nimeinamisha kichwa. Hakunisimanga. Alipima kifaa kimoja kimoja, akinieleza kama mwanafunzi wake. Diski ya kuhifadhia gemu inasoma, ibaki. Skrini nzima, ibaki. "Lakini hii pawa saplai imekunywa umeme wetu wa kupanda na kushuka miaka yote. Ipumzishe." Akatoa nyingine, nzima, aliyoivua kwenye mashine mbovu, kisha akanirudishia ubao wangu wa zamani, ameufuta vumbi.

Siku ya Idi, kwa ubao ule wa zamani, watoto walicheza gemu ileile ya kusuasua, na banda likajaa kicheko. Somoe mwenyewe alicheza, akafungwa mabao sita, akadai refa kahongwa. Msimu uliofuata tulirudi Masasi kununua ubao mpya, na safari hiyo Mzee Chilumba alikaa kiti cha mbele.

Basi sikia, mwanangu. Wapo wanaosema ya kale ni dhahabu, wapo wanaotupa kila cha kale. Wote ni wavivu wa kupima. Kasha baya lakini zima libaki, na skrini inayoonyesha vizuri usiionee haya. Ila kile kinacholisha vingine, hata kama hakuna atakayekiona akusifu, anza na hicho. Na kabla hujakaza skrubu ya mwisho, mwite aliyekutangulia, hata kama ujuzi wake ni wa redio. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjika mbele ya wateja.

Mungu akupe subira ya kupima na sikio la kusikia. Ukijengacho kidumu, na watakaokaa mbele yake wacheke. Amina.