Makofi ya Alhamisi

Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kutengeneza vioo, halafu siku moja akatoka na nyundo kuvunja vioo vya magari ya mtaa mzima, hakosi kuchekwa. Mjini Toledo, Marekani, watu walimcheka Kaz Nowicki mpaka wakachoka. Yeye hakuona cha kuchekesha: ndani ya vioo vile alisikia watu wakimzomea. Alikuwa ameacha dawa.

Badala ya jela, wakampeleka kwa Jaji Holloway, mama anayesikiliza kesi za wagonjwa wa akili. Masharti hayakuwa magumu: dawa, daktari, na kila Alhamisi kuja kueleza wiki ilivyokwenda. Akidumu, kesi inafutwa. Akilegea, jela iko palepale. Na aliyefanya vizuri hupigiwa makofi na ukumbi mzima, jaji akiwa wa kwanza.

Kaz alifanya vizuri, vizuri sana, kisha akaanza kukwepa mahakama. Mara tumbo linauma, mara basi limemwacha. Jaji akamwonya kwamba akikosa tena, ni jela.

Alhamisi iliyofuata dada yake mkubwa, Bernadine, alimkuta jikoni ameganda mbele ya sahani ya pierogi, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi.

"Inuka, twende."

"Siendi."

"Huendi? Kwa hiyo nianze kukuletea chakula jela, na magoti yangu haya? Sema unaogopa nini, la sivyo nakuburuta kwa sikio kama zamani!"

"Makofi," Kaz akasema. "Wakianza tu, wale wa kwenye vioo wanaamka. Wanacheka pamoja nao."

Bernadine akavuta kiti akakaa. Aibu ilimshika, maana katika ukumbi ule hakuna aliyepiga makofi kumshinda yeye. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Basi kamwambie jaji hivyohivyo," akasema. "Mimi niko nyuma yako."

Mahakamani Kaz alisimama, shati limelowa jasho.

"Mheshimiwa, dawa nameza. Kinachonikimbiza ni makofi yenu."

Mtu akacheka huko nyuma. Jaji hakucheka.

"Miezi yote hii nadhani nakupa moyo, kumbe nakutesa! Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, Mheshimiwa."

Jaji akavua miwani. "Kweli, sikukuuliza. Sasa nakuuliza. Tufanyeje?"

"Simameni tu. Kimya."

Wakasimama wote, jaji, mwendesha mashtaka, askari na kitambi chake, na washtakiwa wenzake. Kaz akamsikia dada yake akivuta kamasi, na hakusikia mtu mwingine yeyote.

Kesi yake ilifutwa kabla ya kiangazi. Siku hizi anakata vioo vya fremu za picha katika duka dogo, ananenepa, na Alhamisi bado anakwenda mahakamani, kwa hiari yake, kukaa na washtakiwa wapya. Ana raha mzee yule, nakwambia.

Januari hii alimkuta mwanamke mmoja, Shavonne, amekaa ukingoni mwa benchi la nyuma, macho mlangoni. Wakili wake alishamsihi abaki mpaka akachoka mwenyewe. Kaz akainama.

"Dada, humu ndani nini kinakukimbiza?"

Shavonne akanyoosha kidole.

"Huo mlango wa nje. Wakiufunga, pumzi inakatika."

Kaz akaenda akaufungua wazi, akaweka kiti chake katikati ya kizingiti. Theluji ikaingia mpaka kwenye zulia.

"Wewe mzee, unataka kutuua na baridi?" askari akafoka.

"Vaa kofia," Kaz akasema, akakaa.

Shavonne hakutoka.