Mgongo wa Mfarishi wa Shangazi Mize

Karafuu mbichi ina harufu yake, na iliyokwisha kushika jua ina nyingine, lakini ninayoikumbuka mimi ni ile inayoingia kwenye nguo na kukataa kutoka. Msimu ule wa vuli, miaka michache kabla nchi haijageuka, nyumba yetu nje kidogo ya Chake Chake ilinukia karafuu hadi ndani ya mito. Wenzangu walikwenda shamba kuokota zilizodondoka chini ya mikarafuu. Mimi nilikuwa na kipaji cha kuumwa na tumbo kila asubuhi, na tumbo lenyewe lilikuwa na adabu, likipoa mara tu wenzangu wakishapotea njiani. Bibi yangu, Bi Time, hakunipa dawa. Alinipa sindano.

Alikuwa akishona mfarishi wa Shangazi Mize, mdogo wake baba, aliyekuwa anaolewa Konde karafuu zikimalizika. Upande wa juu wa tandiko hilo la kitanda ulikuwa wa miraba ya shiti na kanga mpya, imepangwa sawasawa kama safu za msikitini. Miraba niliyoshona mimi ilikuwa na tabia ya kuinama upande, na Bibi aliitazama, akaguna, akaitupa kwenye pakacha la vipande. "Huu umelewa," aliniambia siku moja, akiuinua mmoja kwa ncha za vidole. "Na huu ndio uliomlewesha mwenzake." Mgongo wa mfarishi ulikuwa uwe wa marekani, jora zima jeupe lisilo na doa, ambalo sikuruhusiwa hata kulipumulia. Maana jamaa wa bwana harusi wangekuja kutazama vyombo vya bibi harusi, na wanawake wa Konde, alisema Bibi, huugeuza mfarishi kwanza kama anavyogeuzwa samaki kutazamwa mashavu. Nyuma ndiko wanakomsoma ntu.

Basi ikaja ile mvua. Kwetu mvua ikidondoka karafuu zikiwa zimeanikwa uani, hakuna mkubwa wala mdogo, hakuna nguo ya sala wala ya kulalia. Ntu hushika kilicho karibu akafunike. Nilikuwa kizingitini nilipomwona Bibi, mwanamke aliyetembea siku zote kama amebeba mtungi, akiruka ngazi na jora la marekani mikononi. Alilitandaza juu ya majamvi kwa mkupuo mmoja, akalikanyaga pembe lisipeperuke, akasimama pale analowa, uso umejaa ushindi. Karafuu zilipona. Jua lilipotoka akalifunua, na marekani ilikuwa imeiva rangi ya chai, vidimbwi kwa vidimbwi. Alilitazama muda mrefu. "Alaa," akasema, na huo ndio ukawa mwisho wa hotuba.

Chake nzima marekani ilikuwa imekwisha, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na harusi msimu ule. Shangazi Mize hakulia. Alikaa ukumbini akikunja na kukunjua ushungi wake. "Watasema nimetoka nyumba isiyo na mgongo," alisema. Wifi yake mkubwa alikuwa ameshatuma salamu kwamba atakuja mwenyewe. Bibi akaleta mkasi, akaanza kuyakata madoa ayatoe. Kilichobaki cheupe kisingetosha hata kitanda cha mtoto, na mgongo lazima uuzidi upande wa juu kwa upana wa kiganja pande zote, ndipo ukunjwe. Ndipo akanisukumia lile pakacha. "Panga hapa, tuone tumefika wapi. Usishone, panga tu."

Nililala kifudifudi juu ya jamvi na dunia ikafunguka. Vipande vyeupe vilikuwa njia, nikavitandika kutoka pembe hadi pembe. Utepe mweusi wa kaniki ukawa maji ya bandari ya Wesha. Miraba yangu iliyolewa nikaipanga kando ya njia, na ajabu, ikiwa mingi haikuonekana imeinama. Ilikuwa nyumba za kijijini, kila moja inachungulia jirani. Nilitembea njia ile kwa kidole, nikapumzika kivulini mwa kitambaa cha kijani, nikavuka maji bila kulowa. Sijawahi kusafiri mbali zaidi ya hapo, na wala sijaona haja. Palibaki matundu mbele ya nyumba. Nikayachukua yale madoa Bibi aliyoyakata, nikayaweka, moja kila mlango.

"We mwana," akasema Bibi, "doa linafichwa, we unalitandaza?"

"Si doa, Bibi. Wameanika."

Bibi akachutama, akasogeza doa moja kidogo liwe karibu na ukuta, nyumba ile isije ikakosa pa kupita. Kisha akatia uzi sindanoni.

Siku ya kutazamwa, wifi mkubwa aliingia na nyuso za Konde nyuma yake. Alikuwa mwanamke mpana, mpole wa sauti. Hata hakuutazama upande wa juu, aliugeuza. Shangazi Mize, ndani chumbani tulikokuwa tukichungulia, alikuwa ameushika mkono wangu hadi vidole vikaniuma. Tukasikia kiganja kikipitishwa juu ya nguo, polepole, kikisimama hapa na pale.

"Bi Time," ikasema ile sauti, "mbona mmeulaza kifudifudi? Huu si ndio uso wake?" Halafu, chini chini: "Tazameni, hapa pameanikwa karafuu."

Bibi yangu, ambaye hakupata kumsahihisha ntu anayesifu, alijibu, "Ulipofuliwa uligeuka, mwanangu. Uwekeni mnavyoona." Shangazi aliuachia mkono wangu.

Aliulalia Konde maisha yake yote, nyumba zangu zilizolewa zikitazama juu. Alipofariki mfarishi ulirudi kwangu. Siku hizi karafuu huanikwa juu ya turubai, na wajukuu wameniletea blanketi la manyoya lenye picha ya chui, ambalo huwapa wageni ili wamkabili wao. Miraba ya Bibi imechanika karibu yote. Yangu ipo, bado imeinama. Na usiku wa vuli, mvua ikianza kugonga bati, najikuta nimeuvuta mfarishi hadi kidevuni, nimeufunika kwa mikono miwili, mpaka nikumbuke kwamba vipande vya marekani vilivyoanikwa pale vilikwisha kulowa zamani.