Chaki Mlangoni pa Ruthi, Makorora, 1957

Ruthi Mligo hakuijua tarehe yake ya kuzaliwa. Alijua tu kwamba alibatizwa kwao Ubena mwaka ule ule kanisa lao lilipoezekwa mabati. Aliingia Tanga mwaka 1954 kumfuata mumewe, Asheri, kuli wa bandarini, wakapanga chumba kimoja kati ya sita katika nyumba ya Bi Ghanima binti Marhun, Makorora. Nyumba hiyo moja iliwakusanya Wadigo, Wabondei, fundi cherehani Mnyamwezi na familia hii ya Wabena, wote wakitumia kisima kimoja cha uani. Hapo ndipo alipozaliwa binti yao, Kristina.

Juni 1957 chumba kilipata mtu wa nne ambaye hakutakiwa kujulikana. Manase, mdogo wake Ruthi, alikuwa ameletwa pwani kwa mkataba wa kukata mkonge. Watu wa namna hiyo waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake, na shambani ikaitwa namba, si jina. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi minne alipotoroka, mgongo ukiwa na alama za fimbo ya mnyapara. Mtoro akikamatwa, ndivyo walivyoamini, hufungwa kwanza, kisha hurudishwa kwa mnyapara yule yule. Ruthi alimficha nyuma ya pazia la kaniki. Mchana Manase hakutoka. Hata kukohoa alikoholea ndani ya mto wa kulalia.

Agosti ikatangazwa kwamba Waafrika wote watahesabiwa.

"Serikali haihesabu watu bure," alisema Praxeda, jirani yake, akivuta kamba ya ndoo kisimani. "Wanatafuta manamba waliojificha mjini. Watapita mlango kwa mlango."

Ruthi aliiacha ndoo yake nusu, akamwendea mwenye nyumba barazani.

"Shikamoo, Bi Ghanima. Eti wanakuja na askari?"

"Marahaba, mwanangu. Askari wa nini? Sisi Waarabu wametuhesabu tangu Februari. Hebu nitazame, nimepungua wapi? Wallahi nimenenepa!"

Ruthi alicheka kwa adabu. Bi Ghanima hakuwa na mtu nyuma ya pazia.

Karani wa kuhesabu alikuwa Mwalimu Uweso, Mdigo mwenye sauti ya darasani. Aliuliza ni wangapi waliolala chumbani usiku wa kuamkia siku ile. Ruthi alijibu akiwa amesimama katikati ya mlango, mtoto mgongoni: mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, mtoto mmoja. Mwalimu aliandika, akatoa chaki, akaandika namba kwenye ubao wa mlango, akaenda chumba cha pili.

Manase alichungulia kwenye upenyo wa pazia, akaiona.

"Dada, namba," alinong'ona. "Kambini kwetu milango yote iliandikwa hivyo. Namba ikishaandikwa, wanakuja kuchukua watu wake."

Ruthi hakungoja mumewe arudi. Alichovya kitambaa majini, akaisugua chaki hadi ubao ukang'aa. Hakujua kwamba namba ile ilikuwa alama tu ya chumba kilichokwisha kuhesabiwa, na kwamba kwa kuifuta alikuwa amewaita tena.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu Uweso alirudi na msimamizi wake, Bwana Rafaeli, aliyevaa kaptula ya kaki na kofia ngumu ya jua. Ruthi aliiona ile kaki, akasogea kuziba mlango. Huyu ni askari.

"Nani amefuta namba?" aliuliza Bwana Rafaeli.

"Mtoto, bwana."

Mwalimu Uweso alimtazama Kristina, mwenye miezi minane, kisha akautazama urefu wa mlango. "Ana mkono mrefu, mashaallah."

Bi Ghanima aliangua kicheko barazani. Bwana Rafaeli hakucheka. Macho yake yalikuwa chini, kwenye jozi mbili za makatambuga, vile viatu vya matairi, zilizopangwa kando ya kizingiti.

"Mumeo yuko wapi?"

"Kazini, bandarini."

"Amekwenda peku?"

"Amevaa viatu vyake."

"Na hivi? Ana miguu mingapi huyo mume?"

Jozi moja ilikuwa akiba ya Asheri. Ya pili ilikuwa ya Manase. Ruthi angeweza kusema zote ni za Asheri, lakini hofu ilimnyima hata uongo mwepesi hivyo.

"Wanaume wawili," alisema. "Walilala wanaume wawili."

Bwana Rafaeli alimgeukia karani. Mwalimu Uweso akaongeza mstari mmoja wa penseli kwenye safu ya wanaume, akaandika namba upya mlangoni.

"Huulizi jina lake?" Ruthi alijikuta anasema.

"Jina la nini, mama?" alijibu Mwalimu. "Mimi natafuta idadi."

Wakaondoka. Ruthi alikimbilia pazia, akalifunua. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Manase alikuwa amesikia neno "wawili", hakungoja mengine. Alikuwa ameondoka bila viatu.

Kwa miezi minne Ruthi hakuthubutu kuuliza. "Ukienda polisi," Asheri alimwonya, "umemkamatisha wewe mwenyewe." Kila lori la mkonge lililopita barabarani alilichungulia.

Desemba, mchuuzi wa nazi kutoka Pangani aliwachekesha watu uani kwa habari za Mbena mmoja huko Mwera, ng'ambo ya mto: anakwea minazi, lakini akifika juu hafumbui macho. Ruthi pekee hakucheka. Kesho yake alipanda gari hadi Pangani, akavuka mto kwa pantoni.

Alimkuta juu ya mnazi.

"Umekuja na nani?" Manase aliuliza kutoka huko juu.

"Na mtoto tu."

"Yule mwenye kofia?"

"Manase, hakuandika jina. Walichora mstari, basi. Na siku za mkataba wako zimekwisha tangu Oktoba. Shuka, mdogo wangu."

Jua lilipita utosi ndipo Manase alipoanza kuteremka, kipingili kwa kipingili. Alipofika kimo cha mtu alisimama, akalikumbatia shina, akaitazama njia nyuma ya dada yake. Ruthi alinyoosha mkono, akamshika kifundo cha mguu. Manase akapiga ukelele, kana kwamba ni mnyapara aliyemshika.