Paa la Gari la Bububu

Mpaka leo nikisikia mtu akisema "kigari" damu hunipanda. Kigari ni cha mtoto kuvuta kwa kamba uani. Nilichotengeneza mimi kilikuwa gari: gari la shamba, lile la kwenda Bububu, limepunguzwa tu hadi likaenea juu ya sinia la kahawa. Lilinichukua miezi mitano, na wembe ulinichanja vidole mara nisizoweza kuhesabu. Sifa yake akapewa mtu mwingine.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Tulikaa ghorofa ya pili, nyumba inayotazama Darajani, na magari ya shamba yalikuwa yakipakia abiria karibu chini ya dirisha letu. Nilikuwa msichana mkubwa, skuli nimeshaiacha, nikingoja kuozwa. Kutoka nilitoka kwa nadra, kwa buibui na kwa ruhusa. Kuchungulia dirishani hakukutaka ruhusa ya mtu. Gari la Bububu nililijua kuliko dereva wake: turubai lenye kiraka cha rangi nyingine, matenga ya kuku, baiskeli iliyolazwa, kamba ilipopita na ilipofungwa fundo. Yote hayo yalikuwa juu ya paa, na mimi nilikuwa juu ya paa lile kila siku kwa macho.

Ndugu yangu, mdogo wangu kwa miaka miwili, alipata kazi kwa mpiga picha mmoja mjini. Akawa analeta nyumbani filamu zilizoharibika, zile bapa, ngumu kama kucha. Alizileta ili mama afunikie mitungi. Mimi nikazichukua. Niliziroweka katika maji ya moto yenye magadi mpaka sura za watu zikateleza na kwenda na maji: mabwana harusi, makarani wenye tai, watoto wa Sikukuu. Kilichobaki ni kipande kitupu, kinachopitisha mwanga.

Kipande hicho hukikati kama karatasi. Unakichora kwa wembe juu ya rula mara mbili tatu, kisha unakikunja, nacho kinakatika palepale ulipochora. Kuunganisha nilitumia gundi ya filamu, inayonuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Unagusa kidogo tu kwa ncha ya brashi, kipande kinalainika na kushikana na mwenzake, na ukizidisha tone moja umeharibu kazi ya siku nzima. Kila gurudumu lilikuwa vipande saba vya mviringo vilivyobandikwa pamoja na kupigwa msasa. Mikunjo niliipata kwa maji ya moto, maana filamu ukiisogeza kwenye moto wenyewe utaiunguza nyumba.

Nilianza na paa. Fundi yeyote angeanza na magurudumu, lakini mimi nililijenga gari kama nilivyolijua, kutoka juu kushuka chini. Paa nililifanya la kutoka, ili mtu alinyanyue aone mabenchi ya ndani. Juu ya kioo cha dereva niliweka kibao, nikaandika BUBUBU kwa brashi ya unywele mmoja.

Yakatangazwa maonyesho ya kazi za mikono, Mnazi Mmoja. Ndugu yangu akasema, "Dada, nipe nikupelekee. Utakwendaje kusukumana na wanaume pale?" Nikampa. Nikamtajia na jina langu la kuandikisha, kana kwamba halijui.

Jumanne alasiri ilikuwa zamu ya wanawake. Nikaenda na mama. Nilitafuta kwenye meza ya wanawake, nikaona kofia, mikeka na mito ya kutarizi. Gari halipo. Nikalikuta upande wa pili, kwenye meza ya mafundi, lina utepe mwekundu na kadi nzuri. Kwenye kadi limeandikwa jina la ndugu yangu, la baba na la babu.

Wanawake wawili waliosimama mbele yangu walikuwa wakimsifu kijana huyo ambaye hawakumjua. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, akasema mmoja wao. Kweli, vimeundwa, na muundaji yuko nyuma yako amefunikwa buibui! Walipoondoka nilinyoosha mkono, nikalinyanyua paa pamoja na kuku wake na baiskeli yake, nikalitia ndani ya buibui, tukaenda zetu. Mama aligundua tulipofika ngazini.

"Umeiba!" akasema.

"Mtu haibi chake, mama."

Ndugu yangu aliporudi jioni nilimkabili kabla hajavua viatu. "Jina la nani lile kwenye kadi?"

"Dada, mwanamke jina lake halitandazwi mbele za watu. Nlikuwa nakusitiri."

"Ungetaka kunisitiri ungeandika kazi ya mwanamke, basi. Lako limeingiaje?"

Akainama kuvua viatu. Mama akasema, "Yaache hayo, mwanangu. Kigari tu hicho." Neno hilo liliniuma kuliko kadi.

Siku ya pili ndugu yangu alirudi amenywea. Wasimamizi walikuwa wamemwambia paa limepotea, na Jumamosi wanakuja wageni wakubwa. Yeye ndiye fundi, basi atengeneze jingine. Akakaa sakafuni na wembe na filamu. Akajikata. Akakaa tena. Mwisho akanyanyua uso.

"Dada, juu ya gari lile pana nini?"

Nilicheka kicheko kibaya. "Wewe unalipanda kila Ijumaa kwenda kwa mjomba. Hujui juu yake pana nini?"

"Mtu akipanda hatazami juu."

Nikamwambia paa ninalo, na bei yake ni kadi. Abadilishe jina, nami Ijumaa, zamu yetu ya pili, nitalirudisha mwenyewe. Akaapa. Alhamisi akasema nshabadilisha.

Ijumaa nikaenda na paa, na ndani ya mkoba nimetia wembe, brashi na kichupa cha rangi, maana kiapo cha yule nakijua. Kadi kweli ilikuwa mpya. Imeandikwa: Kazi ya dada yake, halafu jina la ndugu yangu, la baba na la babu. Majina matatu ya wanaume, na langu hakuna! Heri angeniacha nisitajwe kabisa kuliko kunifanya mkia wa jina lake.

Nikaliweka paa mahali pake. Kisha nikatoa wembe. Bibi mmoja mtu mzima aliyewekwa kulinda meza akanikaribia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Wafanya nini hapo, mwanangu?"

"Nnamalizia gari langu."

Akatazama vidole vyangu vyenye makovu, akatazama gari. "Malizia," akasema, akageuka kuwazuia watu wasinisukume.

Nikakwangua BUBUBU kwenye kibao mpaka kikawa kitupu. Nikaandika jina langu, herufi moja moja, kisha la mama. Rangi ilikauka upesi.

Jumamosi ndugu yangu alirudi uso umemvimba kwa hasira, akamshitakia mama yote. Mgeni mkubwa alilipenda gari, tena zaidi paa lake. Hakujua Kiswahili, akadhani kibaoni pameandikwa jina la mahali. Akainama, akaelekeza fimbo kwenye kibao, akamwuliza huyo aliyejifanya fundi, mbele ya watu wote: gari hili linakwenda wapi? Na ndugu yangu, amesimama na kanzu yake mpya, ikambidi asome kwa sauti.