Nilichora mto wa Lugulu ulivyokauka, nikaumbuka mbele ya watu

Wakuu, salamu kutoka cyber ya hapa Kitale. Hii ilinipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi huchora mabango mtaani Matisi. Ng'ombe wote mnaoona kwa bucha za huko ni wangu, bana.

Mwaka jana kikundi fulani cha mazingira kikaandaa maonyesho Bungoma mjini. Ati wasanii tuchore vile climate change imefanya mito yetu.

Nikachagua mto ulio nyuma ya boma la shangazi yangu Nekesa, Lugulu. Nikiwa mdogo tuliogelea hapo. Siku hizi shangazi huteka maji na kikombe, halafu anangoja kishimo kijae tena.

Nilichora siku tatu. Mawe, matope yaliyopasuka, shangazi ameinama. Nyuma yake mstari wa bluegum, yaani mikaratusi, zimenona vizuri. Mimi ni mtu wa ukweli, sikuacha mti hata mmoja.

Siku yenyewe nikavaa tai ya kuazima. Nikaeleza watu vile viwanda vya ng'ambo vimetumalizia mvua. Mama mmoja akapangusa machozi. Nikaona nimefika.

Kisha mkulima mmoja mzee kutoka Kapsokwony akasogea karibu na picha.

"Hii miti ni ya nani?"

Shangazi, niliyemleta aone sura yake, akajibu kwa furaha, "Si ni ya huyu! Alipanda, anataka kuuza nguzo za stima."

Mzee akanigeukia. "Kijana, bluegum inakunywa maji kama ng'ombe. Umeipanda kando ya mto, halafu unakuja kutulilia hapa?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mama wa machozi ndiye aliyecheka sana.

Mvua imepungua kweli, hiyo sikatai. Lakini tukirudi shangazi akaniuliza, "Ulikuwa unajua?"

Nikamwambia nilisikia watu wakisema, nikadhani ni porojo.

Akanihama, akakaa kiti cha nyuma cha matatu mpaka Lugulu. Hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Wiki hiyo nilikata bluegum zote, nikang'oa na visiki. Sasa kila Jumamosi naenda kumtekea maji, na hataki kusikia mambo ya viwanda.

Funzo langu: ukitaka kulaumu dunia, anza na shamba lako.

Kuna mtu hapa aling'oa bluegum na mto ukarudi? Ilichukua muda gani? Nijibuni tafadhali, Jumamosi nitaulizwa tena.