Mkasi wa Mashoto

Shemeji yangu anaitwa Mama Funguo. Jina hilo hakupewa na wazazi wala na mumewe, alipewa na nyumba. Mwaka wa thelathini na moja huu anaifungua asubuhi na kuifunga jioni, na bunda la funguo linalia kiunoni mwake tangu akiwa kwenye ngazi, hata wavivu wa ghalani walikuwa wanajua saa ya kusimama na kujifanya wana kazi. Ninamwita shemeji ingawa mumewe hakuwa ndugu yangu wa damu. Mumewe na mimi tulipogoa mizabibu pamoja misimu kumi na tisa, mstari huu wake, ule wangu, na mtu mliyepigwa naye na baridi misimu kumi na tisa ni ndugu yako, upende usipende.

Nyumba yenyewe ni ya zamani sana, ya ukoo mmoja uliotajirika kwa divai. Ina ghorofa moja juu, madirisha ishirini na mawili yenye mbao za kufungia, na sakafu inayolalamika ukiikanyaga kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Chini yake kuna chumba kirefu cha mapipa. Wa mwisho wa ukoo ule alikufa bila mtoto, ikabaki nyumba na viti vyake, picha za wazee wenye ndevu, na Mama Funguo. Kisha, miaka sita sasa, wakubwa wa bonde letu wakasema: hizi nyumba za kale zinalala bure, tuwaite wasanii wa siku hizi waweke kazi zao humo majira ya joto, wageni wanaokuja kuonja divai wapate na cha kutazama. Ndiyo maonyesho yalivyoanza.

Mwaka wa kwanza kijana mmoja alijaza ukumbi wa chakula udongo mpaka magotini. Mama Funguo aliilia ile sakafu. Mwaka wa pili wakaweka sauti ya mtu mzima anayepumua ndani ya meko ya ukutani. Mtu hakuna, pumzi tu. Basi kila asubuhi akiingia kufungua madirisha ya chumba kile nilimsikia akisema, "Umeamkaje, baba?" Nikamwuliza kwa nini anasalimia mashine.

"Shemeji," akanijibu, "mtu apumue ndani ya nyumba yangu nimpite kama jiwe?"

Fundi wa mapipa, mfupi mmoja mwenye mdomo usiolala, alipata la kusema mwaka mzima. "Mama Funguo, mwenzako wa mekoni hajambo? Hajakohoa?" Naye akimjibu, "Hajambo, na anakushinda. Yeye anapumua tu, hasemi upuuzi." Tulicheka sana siku zile.

Mumewe tulimwita Mashoto, kwa kuwa mkono wake wa kazi ulikuwa wa kushoto. Mikasi ya kupogolea inatengenezwa kwa watu wa kulia, na yeye alihangaika nayo ujana wake wote mpaka alipopata mmoja wa kushoto, sijui kutoka wapi, makali yake yamegeukia upande mwingine. Mpini wake ulikuwa wa chuma kitupu, na chuma asubuhi ya baridi kinauma. Kwa hiyo akauzungushia kitambaa, kama tunavyofanya wote. Kitambaa chake kilikuwa mkono wa gauni la Mama Funguo, gauni la bluu alilomnunulia kabla hawajaoana. Lilichanika kwenye msumari wa lango, mkewe akataka kulitia kiraka, yeye akasema, "Huu mkono nipe mimi, nikushike na shambani." Miaka ikapita, kitambaa kikanywa utomvu na jasho mpaka kikawa cheusi kama ngozi. Bluu ilibaki kwenye mikunjo ya ndani tu, na aliyejua hilo ni mkewe.

Mashoto alikufa msimu wa kupogoa, miaka mitatu nyuma, katikati ya mstari. Nilikuwa mstari wa pili. Nilisikia mkasi wake umenyamaza, nikadhani anawasha sigara. Tulipombeba bado alikuwa ameushika, ikabidi nimfungue vidole kimoja kimoja. Niliupeleka kwa mkewe siku ileile. Aliuweka kwenye droo ya meza ya jikoni, na kila aliponikaribisha chai nilimwona akifungua droo kutafuta kijiko ambacho hakikuwamo humo. Alikuwa anaushika mpini tu, kidogo, halafu anafunga.

"Umefuata vidole vyake," aliniambia mara moja. "Kidole gumba hapa, hiki hapa. Nikitia mkono wangu ndani ninaukuta wake."

Mwishoni mwa baridi iliyopita akaja msanii wa maonyesho ya mwaka huu. Binti mpole, mwembamba, ana miwani, anasikiliza mtu mpaka unaona haya kusema uongo. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba mikasi ya zamani ya wapogoaji. Alitaka kuitundika yote sebuleni mwa nyumba kubwa, kila mkono uliolima bonde hili uwepo mle ndani kwa wakubwa. Mimi nilimpa wangu mmoja ulioota kutu. Fundi wa mapipa alimwambia, "Mwanangu, chukua na mke wangu, ulimi wake unakata kuliko hiyo yote."

Mama Funguo alifikiri siku nne. Mwisho aliitoa droo nzima, akaiweka magotini, akaniita.

"Shemeji, mwenzio hakuwahi kuingia sebuleni kule. Unajua?"

Nilijua. Miaka yote aliishia mlango wa jikoni kwa sababu ya matope ya viatu vyake. Mkewe anafagia mle ndani, yeye anapokea chai yake kizingitini.

"Msimu mmoja tu," akasema. "Aingie mbele kama watu. Halafu atarudi."

Akamkabidhi yule binti mwenyewe, kwa mikono miwili. "Nakuazima, mwanangu. Ni wa marehemu mume wangu."

"Nitautunza, mama. Maonyesho yakiisha nitakurudishia mkononi mwako."

Na binti hakudanganya. Hapa ndipo ninapotaka nieleweke, maana watu walimsema vibaya baadaye. Sisi wapogoaji tuna mazoea yetu. Mkasi ukiazimwa, unaweza kuunoa, unaweza kuutia mafuta, hata ukibadilisha springi hakuna ugomvi. Kitambaa cha mpini hukigusi. Kiwe kinanuka, kiwe kimeoza, ni mkono wa mwenyewe kile. Jambo hili hatukuwahi kumwambia mtu yeyote, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kuhitaji kuambiwa. Mama Funguo hakulisema. Mimi niliyekuwa nimesimama pale sikulisema.

Wiki zilizofuata binti na wasaidizi wake wawili walijifungia chumba cha nyuma ya jiko wakisafisha mikasi. Sisi tuliwasikia wakisugua. Baridi ilikuwa imerudi kwa hasira, ile baridi ya mwisho inayotaka kukumbukwa. Asubuhi moja nilipita kuomba chai nikamkuta Mama Funguo amepiga magoti mbele ya jiko la kuni, matawi ya mizabibu yana umande, hayashiki moto. Kwenye baraza la nyuma palikuwa na gunia la matambara wasaidizi walilotoa nje na takataka nyingine.

"Haya yatawaka," akasema. "Yananuka mafuta."

Akayatia motoni kidogo kidogo kwa mkono, hakuyatazama, nani hutazama takataka? Yaliwaka vizuri sana. Tulikunywa chai ya moto, mimi, yeye, fundi wa mapipa, na yule binti aliyekuja na vidole vimekufa ganzi akavizungusha kwenye kikombe. Fundi wa mapipa akasema chai ya leo ina ladha ya shamba. Tukacheka.

Siku ya ufunguzi Mama Funguo alivaa lile gauni la bluu. Alikuwa ameliweka miaka yote, likiwa na mkono mmoja, na sasa ameufunika upande usio na mkono kwa mtandio. Wageni walikuwa bado kuwasili. Alifungua madirisha ya sebuleni yeye mwenyewe, moja baada ya jingine, na jua likaingia.

Nitasema kweli, palikuwa pazuri. Mikasi mia na arobaini ilining'inia kwa nyuzi zisizoonekana, kutoka darini mpaka usawa wa kifua, imepangwa kama kundi la ndege linalogeuka hewani. Ilikuwa inang'aa. Chuma kitupu, cheupe, hakuna kutu, hakuna utomvu. Upepo wa dirishani ukaigusa, ikagongana polepole.

Mama Funguo alisimama mlangoni akitafuta cheusi. Macho yake yalikwenda, yakarudi. Kisha akaingia katikati akaanza kuigusa mipini, mmoja mmoja, na funguo zake zikawa zinalia chini na mikasi inalia juu. Kwenye wa thelathini na kitu alisimama. Aliupata kwa makali yaliyogeuka. Akautia mkono. Niliona bega lake likishuka.

"Mwanangu," akamwita binti, taratibu tu. "Huu ulikuwa na nguo."

"Ndiyo, mama. Yote ilikuwa na vitambaa. Tulivivua ili chuma kionekane." Binti alikuwa anatabasamu bado. "Umeona ulivyokuwa mzuri?"

"Nguo iko wapi?"

"Vitambaa vyote tulivitia kwenye gunia. Tuliviweka baraza la nyuma, pale karibu na jiko."

Sikuweza kumtazama shemeji yangu. Niliangalia viatu vyangu, vina matope, sebuleni. Alipita mbele yangu akielekea jikoni, nami nikamfuata. Alifungua mlango wa jiko. Lilikuwa baridi, limefagiliwa, majivu ya majira yale yalishamwagwa zamani kwenye mistari, kama tunavyofanya kila mwaka. Hata hivyo alitia mkono mpaka begani, akapapasa kote ndani, pembe kwa pembe, kama mtu anayetafuta yai. Mkono ulitoka mweusi na hauna kitu.

"Nimemchoma mwenyewe," akasema. "Shemeji, nimemchoma mwenyewe nikachemshia chai."

"Hukujua."

"Nilishika. Alipita mkononi mwangu huu, na mkono haukumjua."

Binti alikuwa amefika mlangoni. Alipoelewa, alikaa chini palepale kwenye vigae na nguo zake za ufunguzi, akalia kwa sauti. Akasema atashusha kazi yote leo hii, wageni warudi makwao. Mama Funguo ndiye aliyemwinua. Alinawa mkono kwanza, ndipo akamshika.

"Inuka. Usishushe kitu. Wenye mikasi wamevaa vizuri, wamekuja kujiona." Akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Wewe hukukosa. Wewe ulivua, mimi nikachoma, na huyu shemeji yangu akanywa. Tumekuwa watatu."

Maonyesho yaliendelea majira yote. Kila asubuhi alifungua yale madirisha. Sikumsikia akisalimia chochote. Fundi wa mapipa alipitia mlango wa jikoni siku nyingi, akifungua mdomo, akiufunga, mpaka siku moja akamletea kigoda alichokichonga kwa mbao za pipa na kuondoka bila neno. Sijapata kumwona akinyamaza hivyo, hata kwenye mazishi.

Mkasi ulirudi siku ya mwisho, kama binti alivyoahidi, mkononi, umefungwa karatasi laini. Alikuwa ameunoa. Walikaa jikoni saa nzima, sijui walizungumza nini.

Sasa baridi imerudi na tumeanza kupogoa. Jana niliingia kwa chai, nikamkuta na gauni la bluu juu ya meza, na mkono wa pili wa gauni umekatwa. Alikuwa ameufanya utepe mrefu, anauzungushia mpini. Bluu yenyewe, safi, kama siku lilipotoka dukani. Alizungusha mpaka mwisho, akafunga fundo, akanipa nishike. Nikaubana mara mbili kana kwamba ninapogoa. Kitambaa kikateleza, kikalegea, kikafunguka chote mapajani mwangu.

"Mara ya tano hiyo," akasema. "Wake haukuwahi kufunguka. Miaka ishirini na kitu, hata siku moja." Akakiokota, akakinyoosha juu ya meza kwa kiganja. "Shemeji, wewe ulikuwa naye kila siku. Alikuwa anaanzia juu au chini? Alizungusha kwenda huku, au huku?"

Misimu kumi na tisa. Nilikuwa ninamwona akiurekebisha asubuhi, amekaa juu ya ndoo, mgongo kwa upepo, meno yameshika ncha ya kitambaa. Meno nayakumbuka. Ndoo naikumbuka. Nikafumba macho nitazame mikono yake, nikatazama kwa muda mrefu.

"Sikumbuki, shemeji," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Akaanza tena kuzungusha.